Namna ya Kupima Nyuzi za Protini Ukiwa Bomani

Anza na yai. La kienyeji au la kisasa, haidhuru. La sokoni Tarime linatosha. Usilikaange. Ute wake una protini iitwayo lisozaimu, karibu asilimia 3.5 ya protini zote zilizomo, na watafiti wengi wanaipenda kwa sababu mbili: inapatikana kwa bei nafuu, na ina tabia mbaya. Ukishaichuja ikawa safi (au ukanunua ya unga, maana kuichuja ni kazi ya mtu mwenye subira kuliko wewe), iweke kwenye asidi ya pH 2, ipashe joto hadi sentigredi 60 na ushee, kisha iache humo siku kadhaa. Itajikunjua. Itapoteza umbo ililozaliwa nalo. Halafu molekuli zitaanza kupangana, moja juu ya nyingine, mpaka zitengeneze uzi.

Uzi huo ndio amiloidi. Unene wake ni kama nanomita 10, urefu unaweza kufika maikromita kadhaa, na kutoka molekuli moja hadi inayofuata ni nanomita 0.47, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Yai la kukaanga halina nidhamu hiyo. Lile ni protini zilizoshikana ovyo, na dawa yake ni chumvi na chapati.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Bomani, hapa Tarime, anayetaka kujua nyuzi hizo zinakua kwa kasi gani na zinakatika kwa kasi gani. Anayeuliza hayo yote ni ya nini avute subira. Wazee wa barazani watauliza kwa niaba yake.

Sasa, uzi wa nanomita 10 huuoni kwa macho, wala kwa hadubini ya shule. Unahitaji rangi ya kuushika. Wazo la kwanza litakuwa ayodini, maana ndiyo iliyomo kwenye kabati la maabara ya sekondari ya kata, ile ya kupimia wanga kwenye kipande cha muhogo. Usione aibu, Rudolf Virchow naye alianzia hapo. Mwaka 1854 alitia ayodini kwenye vidoa vya ajabu alivyoviona katika ubongo wa binadamu, rangi ikageuka, akatangaza kwamba amepata kitu cha jamii ya wanga, na jina akakipa la wanga kwa Kilatini. Miaka 5 baadaye Friedreich na Kekulé wakapima upya na kukuta ni protini. Jina lilikuwa limeshasajiliwa, likaachwa hivyo hivyo. Basi ukimweleza mama lishe wa stendi kwamba unapima kitu kinachoitwa wanga lakini hakipikiki ugali, usimlaumu akikudai hela ya chai mapema.

Rangi ya pili ni nyekundu ya Kongo. Haitoki Kongo. Ilibuniwa Ujerumani na kuingizwa sokoni mwaka 1885, wakati Berlin yote ilikuwa inazungumzia Mkutano wa kugawana Afrika, na wauzaji wakaona jina la Kongo litauza vitambaa. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Kesho yake Kaiser akatia saini hati ya kuwapa kina Carl Peters ulinzi wa nchi waliyodai kuinunua huku kwetu. Kwa hiyo rangi hii na koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki ni watoto wa msimu mmoja, tofauti yao ni kwamba rangi ilikuja kuwa na faida. Mwaka 1922 Bennhold aligundua kwamba inashika amiloidi, na mwaka 1927 Divry akaonyesha kwamba ukiitazama kwa mwanga uliochujwa upande mmoja inageuka kijani. Wataalamu wa vinyama vya maiti wanaitumia mpaka leo. Lakini inakuonyesha uzi upo au haupo. Wewe unataka kujua unavyokua.

Kwa hilo, tafuta thioflavini T. Molekuli hii ikielea majini inajizungusha, inamaliza nguvu zake zote kwa kujizungusha, haing'ai. Ikijibana kwenye mifereji midogo ya uzi wa amiloidi haina pa kuzunguka, na ukiimulika kwa mwanga wa bluu wa nanomita 440 hadi 450 inakurudishia mwanga wa nanomita 480 hivi. Vassar na Culling waliitangaza mwaka 1959. Uzi ukiongezeka, mwanga unaongezeka. Kinachobaki ni mashine ya kumulika na kusoma mwanga huo kila baada ya dakika chache, kwenye sahani yenye vishimo 96, huku ikishikilia joto na kutikisa ikiamriwa. Maduka ya barabara ya Sirari hayana. Nenda kwa fundi simu akuundie.

– Mura, hiki kitu kazi yake nini?

– Kinamulika maji kwa taa ya bluu, kinasubiri, kinamulika tena.

– Mpaka lini?

– Mpaka kesho kutwa.

– Na maji yenyewe yanafanya nini?

– Masaa mengi ya mwanzo, hayafanyi kitu.

Fundi atakutajia bei ya mtu aliyetoka Nyamongo na dhahabu mfukoni. Usibishane naye sana, kwa kuwa swali lake la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ukichora mwanga dhidi ya muda utapata mstari uliolala, kisha unaopanda ghafla, kisha uliolala tena juu: herufi S iliyovutwa pembeni. Sehemu ya kwanza inaitwa kipindi cha kusubiri, na watu wengi wenye shahada wanaamini kwamba humo hakuna kinachoendelea. Kinaendelea. Molekuli chache zimeshakutana na kutengeneza kiini, kiini kimeshaanza kurefuka, nyuzi changa zimeshaanza kuongezeka, ila bado ni chache mno kwa taa yako kuziona. Mstari uliolala unaonyesha ulegevu wa kifaa, hauonyeshi usingizi wa protini.

Umeme ukikatika saa nane usiku, ambayo ndiyo saa herufi S inapendelea kuanza kupanda, joto la sahani litashuka, na usiku wa Tarime hauna huruma kwa kitu kinachotakiwa kubaki sentigredi 60. Usijaribu kuunganisha nusu ya jana na nusu ya leo kwa kalamu ya risasi. Anza upya. Na unapoanza upya, funika vishimo ili maji yasipungue kwa mvuke, toa mapovu, na weka maji yale yale kwenye vishimo kadhaa, si kimoja. Utaona kishimo cha tatu kinawahi, cha tano kinachelewa, ingawa vyote vimetoka chupa moja. Uso wa maji unapogusana na hewa, ukuta wa plastiki, punje ya vumbi: kila kimoja kinaweza kuanzisha kiini. Mwenye kishimo kimoja ana hadithi. Hana kipimo.

Tufike kwenye kukatika, maana hapa ndipo akili ya kawaida inapotudanganya. Mtu yeyote wa Bomani atakwambia kwamba kitu kikivunjika kimepungua. Kwa amiloidi ni kinyume, na Tarime ina mfano wake. Mwaka 2007 Rorya ilikatwa kutoka wilaya ya Tarime ikawa wilaya kamili. Baadaye kilichobaki nacho kikagawanywa, halmashauri ya mji upande huu na halmashauri ya wilaya upande ule. Ardhi haikuongezeka hata ekari moja. Lakini kila kipande kilipata mkurugenzi wake, makao makuu yake, kikao chake cha madiwani na gari lake, na kila kipande kikaanza kukua kutokea kwenye mipaka yake mipya. Uzi wa amiloidi unarefuka kwenye ncha zake mbili tu. Uukate katikati: uzito ni ule ule, ncha sasa ni nne. Zikishakua, zikikatwa tena, ni nane. Ndiyo maana herufi S inapanda ghafla. Nyuzi za kwanza hazikufanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Zilikatika, kila kipande kikafungua ofisi.

Hesabu zake ni safi kuliko za bajeti. Mwaka 2009 Tuomas Knowles na wenzake walichapisha katika jarida la Science jibu la milinganyo ya nyuzi zinazokatika, na kiini chake ni kwamba kasi ya ongezeko inategemea kipeuo cha pili, yaani mzizi, cha kurefuka mara kukatika mara wingi wa molekuli huru. Ongeza kasi ya kukatika mara 4, ongezeko linapanda mara 2. Zidisha protini mara 4, muda wa kufika nusu ya safari unapungua kuwa nusu. Kurefuka peke yake hakukupeleki mbali, wala kukatika peke yake. Vinakwenda pamoja.

Basi utapimaje kila kimoja peke yake? Kwanza kurefuka. Chukua nyuzi zilizokomaa na uzitie kama mbegu kwenye maji yenye protini changa. Ukitia mbegu za kutosha, kipindi cha kusubiri kinatoweka kabisa, mstari unaanza kupanda dakika ya kwanza, na mteremko wake wa mwanzo unakwambia idadi ya ncha mara kasi ya kila ncha. Sasa chukua mbegu za uzito ule ule, lakini hizi zipige kwanza kwa mawimbi ya sauti mpaka ziwe fupi. Tia. Mteremko utakuwa mkali zaidi, na protini uliyotia ni ile ile. Umeziona ncha mpya.

Pili, kukatika. Ondoa protini changa ili kusiwe na wa kurefusha, koroga nyuzi kwa kasi moja, na kila baada ya muda chota tone, ulikaushe juu ya kipande cha mika na upime urefu wa nyuzi kwa hadubini ya nguvu ya atomu. Mamia ya nyuzi. Moja moja. Hapa ndipo mwongozo huu unapopoteza wasomaji wengi, na waliobaki ndio wanaofaa. Watafiti wa Leeds waliofanya kazi ya aina hiyo walionyesha, mwaka 2009 huo huo, kwamba nyuzi zile zile zikikatwa fupi zinadhuru seli zaidi kuliko zikiwa ndefu.

Ukikosa hadubini, kuna njia ya mkato yenye heshima. Rudia jaribio zima kwa viwango tofauti vya protini, andika muda wa kila kimoja kufika nusu ya safari, na uvichore vyote kwa logi. Mteremko ukitoka karibu −0.5, mashaka ya kwanza yaelekee kukatika. Protini ya ubongo iitwayo Aβ42, inayohusika na ugonjwa wa Alzheimer, hutoa karibu −1.3, kwa sababu yenyewe ina ujanja mwingine: ubavu wa uzi wa zamani unazalisha viini vipya. Programu ya AmyloFit, iliyoelezwa na watu wa Cambridge mwaka 2016, inatumika bure na itakulinganishia data zako na milinganyo yote. Ina kasoro moja ya kibinadamu: ukiipa takataka, nayo itachora mstari mzuri juu yake.

Na ukikosa yote hayo, umeme, sahani na hadubini, Bomani bado ina kifaa kimoja cha kutikisa kisichozidiwa na cha maabara yoyote. Kinaitwa bodaboda.

Hapa kejeli inapungua kidogo, maana protini inayopanda bodaboda ni insulini. Nayo ni ya ukoo huu. David Waugh aliripoti katika miaka ya 1940 kwamba insulini ikipashwa joto kwenye asidi inageuka nyuzi, na kwamba nyuzi chache zikitiwa kwenye insulini nzima zinaifanya nayo ifuate. Vinavyoiharakisha ni joto, mtikisiko na uso mkubwa wa maji unaogusana na hewa; kwa maneno mengine, chupa iliyotumika nusu, ndani ya mfuko wa koti, njiani kwenda Nyamongo. Mgonjwa hana haja ya thioflavini. Insulini ile inayotakiwa kuwa angavu ikionekana na ukungu, au nyuzi zinaelea, au ukuta wa chupa umeganda utando, isidungwe. Irudishwe kwa mfamasia. Ile ya asili yenye ukungu inachanganywa kwa kuiviringisha taratibu kati ya viganja, haitikiswi. Na sindano zihamehame: anayedunga mahali pamoja kila siku anaweza kuota uvimbe chini ya ngozi uliojaa amiloidi ya insulini yenyewe, na dawa anayodunga hapo haiingii mwilini inavyopaswa.

Juu ya joto, habari ni nzuri kuliko tulivyodhani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichukua hali ya joto ya nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya, ikipanda na kushuka kati ya sentigredi 25 na 37, wakaiiga maabara na kuiweka insulini humo wiki 4. Matokeo yao ya mwaka 2021: nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Bibi asiye na friji, mwenye chupa yake ndani ya chungu kwenye kona yenye kivuli, si mjinga basi. Kipimo chao kilikuwa cha joto. Barabara ya Nyamongo haikuwamo.

Ukitaka kusonga mbele, usitoke nje ya wilaya. Hamira ya maandazi inayouzwa kila duka ni kiumbe, na ndani ya aina yake kuna protini iitwayo Sup35 inayoweza kugeuka nyuzi na kurithishwa kutoka seli mama hadi seli binti. Brian Cox aliiona tabia hiyo mwaka 1965 bila kujua ni nyuzi. Inayozieneza ni protini nyingine, Hsp104, ambayo kazi yake ni kuvunja mafungu ya protini zilizoharibika. Ukiizima kwa kemikali ya guanidini, hamira inapona polepole kizazi kwa kizazi: bila mvunjaji, nyuzi hazipati vipande vipya vya kugawia watoto. Askari wa usafi alikuwa ndiye msambazaji. Tarime inajua visa vya aina hiyo, lakini si vya mwongozo huu.

Upande wa Serengeti kuna duma. Wale wanaofugwa kwenye bustani za wanyama ng'ambo huugua amiloidi ya figo na ini, na ni moja ya visababishi vikuu vya vifo vyao. Mwaka 2008 timu ya Japani iliripoti kwamba kinyesi cha duma mgonjwa kina nyuzi hizo, na kwamba nyuzi za kinyesini ni ndogo kuliko za kwenye ini na zinaambukiza panya kwa urahisi zaidi. Vipande, tena. Duma wa nyikani wana nchi kubwa ya kutembea na hawalazimiki kulala juu ya uchafu wa jirani. Usiende kuokota sampuli hifadhini bila kibali. Kibali nacho kina kipindi cha kusubiri, na hicho hakitibiki kwa mbegu.

Ukirudi, wazee watakuwa wamekungoja. Amkia kwanza.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, mwanangu. Tunasikia unapima ugonjwa wa kusahau.

Jibu kwa uangalifu. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee wa Afrika Mashariki waliokufa kwa sababu nyingine, bila kuwa wamepoteza kumbukumbu. Baadhi yao walikuwa na mabaka ya amiloidi, kwa kiwango kisicho mbali na cha watu wa Cleveland, Marekani, waliolinganishwa nao. Kwa hiyo mabaka tunayo, na anayeyabeba anaweza kufa akiwa anakumbuka madeni ya watu wote kijijini. Kusahau nako tunako: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria ugonjwa huo kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi.

– Na hayo mabaka ya hao wazee, yalikuwa yanakua au yalishasimama?

Mzee amekubana. Ubongo wa maiti unakupa nukta moja kwenye grafu, na nukta moja haina mteremko. Kuona mabaka yakikua ndani ya mtu aliye hai kunahitaji picha za PET, na rangi iliyofungua njia hiyo mwaka 2004, ya Pittsburgh, ni mjukuu wa thioflavini T ile ile, iliyobandikwa kaboni 11. Nusu ya kaboni hiyo inapotea kila baada ya dakika 20. Mashine za PET zipo Nairobi, zikitumika zaidi kwa saratani. Mzee atasema basi rangi iletwe Bomani, yeye haendi Nairobi kwa ajili ya kichwa ambacho hakijamsumbua. Mpigie hesabu: basi la mwendo wa saa 7 ni nusu 21 mfululizo, na kati ya kila chembe milioni 2 zilizopakiwa kule itafika moja, nayo itakuwa bado kwenye foleni ya muhuri pale mpakani.

– Kwa nini wasiipandishe bodaboda?